MBWA AITWAYE BIGELI, NA NAMNA YA KUMFUGA NYUMBANI

Tangu zamani wazee wetu walifuga mbwa kwa kazi mbili: kulinda mji na kuwinda. Mbwa alilala nje, alikula makombo, na hapana aliyeuliza kama ameshiba au hakushiba. Lakini katika nchi za Uingereza na Marekani mbwa wengi huwekwa ndani ya nyumba pamoja na watoto, si kwa ajili ya kazi, bali wawe rafiki wa jamaa yote. Desturi hiyo imekwisha kuingia katika miji yetu pia, na wako wazazi ambao watoto wao huwaomba mbwa mdogo mwenye masikio marefu waliyemwona katika picha. Kwa hiyo twapenda kueleza habari za mbwa mmoja wa namna hiyo, ili mtu ajue ni mnyama gani anayemleta nyumbani kabla hajamleta. Maana mbwa aliyechukuliwa bila kufikiri hupata taabu mwenyewe, na huwatia taabuni watu wa nyumba na majirani.

Waingereza huandika jina lake Beagle. Sisi tutaliandika bigeli, kama tulivyofanya kwa baiskeli. Kimo chake, tangu ardhi hata mabega, ni sentimita 33 mpaka 41, na uzito wake kwa kawaida ni kama kilo 9 mpaka 12. Rangi zilizo mashuhuri kwake ni tatu pamoja: nyeusi mgongoni, hudhurungi kichwani na ubavuni, nyeupe miguuni na kifuani, lakini wako pia wenye rangi mbili tu. Masikio yake ni mapana nayo hulala mashavuni, macho yake ni ya upole, na ncha ya mkia wake ni nyeupe. Ncha hiyo si pambo tu. Mbwa akiinamisha pua katika majani marefu, mkia husimama juu, na mwindaji huuona weupe wake kwa mbali kama bendera.

Asili yake ni Uingereza. Watu wa kule walifuga mbwa wadogo wa kufuata harufu kwa muda wa karne nyingi, na Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala tangu 1558 hata 1603, alikuwa na wale wadogo kabisa. Bigeli wa siku hizi hutokana hasa na mbwa waliokusanywa katika miaka ya 1830 na padre mmoja wa jimbo la Essex, jina lake Phillip Honeywood. Chama cha Bigeli cha Uingereza kiliundwa mwaka 1890. Kazi ya mbwa hawa ilikuwa kumwinda sungura wa porini. Mbwa wa kuwinda mbweha walifuatwa na matajiri waliopanda farasi; lakini bigeli walifuatwa kwa miguu, na kwa sababu hiyo hata mkulima asiyekuwa na farasi aliweza kwenda nao. Walikwenda kundi zima pamoja, kwa muda wa saa nyingi, pua chini, huku wakilia kwa sauti ndefu ili mwenye mbwa ajue walipo. Uwindaji wa sungura wa porini kwa mbwa ulikatazwa Uingereza na Wales kwa sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwaka 2005. Basi kazi imekoma, lakini tabia iliyojengwa na kazi hiyo haikukoma. Imo ndani ya kila bigeli anayezaliwa, na yeyote anayetaka kumfuga yafaa alikumbuke neno hili kuliko yote tutakayosema.

Tabia hiyo imo katika pua yake. Wataalamu hukadiria kuwa pua ya mtu ina chembe za kupokea harufu kama milioni 5, na pua ya bigeli zaidi ya milioni 200. Sisi tukiingia njiani twaona nyayo na majani. Yeye husoma nani amepita, lini, na ameelekea wapi. Akiisha kushika harufu, akili yake yote huingia humo, hata ukimwita ni kama hakusikia. Watu wengi humwita mkaidi. Kwa kweli si ukaidi. Wakubwa wake walichaguliwa vizazi kwa vizazi kwa sababu hawakuiacha harufu waliyoishika.

Serikali ya Marekani imetumia kipawa hicho kwa kazi ya maana. Tangu mwaka 1984, kwanza katika kiwanja cha ndege cha Los Angeles, bigeli waliofundishwa hupitishwa kati ya mizigo ya abiria kutafuta nyama, matunda na mimea iliyokatazwa, ambayo yaweza kuingiza maradhi na wadudu katika nchi. Mbwa akiipata harufu haumi wala habweki. Huketi kitako karibu na mzigo, na askari akaufungua. Mwezi wa Oktoba 2018 bigeli mmoja aitwaye Hardy, katika kiwanja cha ndege cha Atlanta, aligundua kichwa cha nguruwe kilichookwa ndani ya mzigo wa abiria aliyetoka Ecuador. Wako wanaoweza kucheka, lakini sisi tunaofuga nguruwe hatucheki. Homa ya nguruwe ya Afrika, iuayo karibu nguruwe wote wa boma kwa siku chache, ilielezwa kwanza na wataalamu kutoka Kenya, mwaka 1921, na hata leo haina dawa. Nyama ya nguruwe yaweza kuivusha bahari. Bigeli ni mmoja wa walinzi wanaowekwa mlangoni ili isivuke.

Walichaguliwa bigeli kwa kazi hiyo kwa kuwa pua yao ni njema, na umbo lao ni dogo lisilowatisha abiria. Tena ni wapole mno. Kwa kuwa walilelewa kwenda kundi kubwa bila kupigana, hupatana na mbwa wenzao, na wageni huwapokea kwa kutikisa mkia. Lakini upole huo umewaletea msiba pia, maana kwa ajili yake bigeli ndio mbwa waliotumiwa zaidi katika maabara za kujaribia dawa. Humwachilia mtu awachome sindano wala wasimwume. Baadaye watu wengi walianza kuyapinga majaribio hayo, na mwaka 2022 bigeli kama 4,000 waliondolewa kwa amri ya mahakama katika mahali pamoja pa kuzalisha mbwa huko Virginia, Marekani, wakagawiwa kwa watu wa kuwalea. Wengi wao walikuwa hawajakanyaga majani tangu kuzaliwa.

Sasa twaja kwenye swali lenyewe: mtu mwenye watoto, akitaka kumfuga mbwa huyu, imempasa kufanya nini?

Kwanza, ua. Bigeli asiyezuiwa hufuata harufu mpaka barabarani, au mpaka shamba la mtu mwingine, wala hajui njia aliyoijia mpaka harufu itakapokwisha. Ua na uwe imara, wenye kimo cha kutosha, na chini yake pasiwe na nafasi. Maana asipoweza kuruka atachimba. Nje ya ua aongozwe kwa kamba siku zote, hata kama amefundishwa vizuri. Shingoni avae mkanda wenye kibati kilichoandikwa namna ya kumpata mwenyewe.

Pili, matembezi. Huyu ni mbwa wa kwenda mbio siku nzima. Akifungiwa nyumbani hutafuna viatu, matakia na miguu ya viti. Yampasa kutembezwa kwa muda wa saa moja au zaidi kila siku. Katika nchi zetu za joto yafaa iwe asubuhi na mapema au jioni, jua likiisha kupungua. Na wakati wa kumtembeza asivutwe-vutwe tu ili aende upesi. Aachwe anuse, kunusa kwake ni kama kusoma gazeti kwetu, na humchosha kwa wema kuliko mbio.

Tatu, upweke. Mnyama aliyezoea kundi hawezi kukaa peke yake tangu asubuhi hata magharibi. Akiachwa hivyo hulia ule mlio wake mrefu wa porini, na mlio huo huvuka nyumba nyingi. Ugomvi mwingi baina ya majirani umeanzia hapo. Basi nyumba ambayo baba na mama wote huenda kazini, na watoto shuleni, si nyumba ya bigeli, isipokuwa yuko mtu mwingine anayebaki.

Nne, chakula. Twaonya sana juu ya jambo hili, kwa sababu mbwa huyu hana kiasi. Atakula chake, na cha paka, na kilichomo pipani, kisha atakutazama kama aliyefunga siku tatu. Watoto humhurumia wakamwongeza, na muda si mrefu amekuwa mnene, mgongo na viungo vikaanza kumwuma. Mkubwa apewe chakula kilichopimwa, mara mbili kwa siku, na maji safi wakati wote. Kipimo ni rahisi: pitisha vidole ubavuni mwake, ukizisikia mbavu chini ya ngozi bila kubonyeza kwa nguvu, hali ni njema, ukizitafuta usizipate, punguza. Chokoleti, zabibu na vitunguu ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kumtoboa tumbo. Sumu ya panya isiwekwe kabisa mahali ambapo aweza kufika, maana pua yake itamfikisha.

Tano, mafundisho. Fimbo haimfundishi bigeli lolote ila kumwogopa mwenye fimbo. Aanze kufundishwa tangu utoto, baada ya kuachishwa na mama yake, wala asitengwe naye kabla ya majuma 8. Afundishwe kwa maneno machache yasiyobadilika, na kila atendapo vema apewe kipande kidogo cha nyama papo hapo. Ulafi wake, ulio taabu jikoni, ndio msaada mkubwa wa mwalimu. Vipindi viwe vifupi, vya dakika chache mara kwa mara, kwa kuwa harufu yoyote inayopita yaweza kumwita.

Sita, afya. Bigeli mwenye kutunzwa huishi miaka 12 mpaka 15. Kwa kuwa masikio yake huning'inia, hewa haiingii vema, na uchafu hugeuka vidonda. Yatazamwe kila juma, na yakinuka vibaya, au akitikisa kichwa mara kwa mara, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Wako pia katika jamii hii wenye kushikwa na kifafa, na hao hupewa dawa. Katika nchi zetu adui mwingine ni kupe, waletao maradhi ya damu: mbwa hupata homa, hukataa chakula (na bigeli akikataa chakula si jambo dogo), fizi zake hupauka, na mkojo waweza kuwa mwekundu. Asingojewe mpaka kesho. Dawa ya kupe na ya minyoo itolewe kwa nyakati zake kama daktari atakavyoagiza. Na asiyetaka watoto wa mbwa amhasi wake mapema, kuliko kuwatupa watoto hao kando ya barabara.

Saba, watoto wa nyumbani. Ni kweli kuwa bigeli ni rafiki mwema kwa watoto; lakini hata mbwa mpole ana meno, na mtoto mdogo asiachwe naye peke yake. Watoto wafundishwe kutomgusa akila, kutomwamsha ghafula, kutomvuta mkia, wala kumwinua kwa masikio. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson wa Marekani alimwinua mmoja wa bigeli wake kwa masikio mbele ya wapiga picha, na watu wengi wa nchi yake wakamkasirikia. Rais husamehewa na mbwa wake. Mtoto wa miaka 3 huenda asisamehewe.

Hapa hatuna budi kusema juu ya jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo si la bigeli peke yake, ni la kila mbwa wa kila mji: kichaa cha mbwa. Hukadiriwa kuwa maradhi haya huua watu kama 59,000 kila mwaka ulimwenguni, karibu wote katika Asia na Afrika, na katika watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Yakiisha kuonyesha dalili zake kwa mtu, kupona ni kama hakuna. Lakini kabla ya dalili yazuilika kabisa. Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha hayo mwaka 1885, alipomwokoa kwa chanjo mtoto wa miaka 9 aliyeitwa Joseph Meister.

Basi kila mwenye mbwa amchanje. Mtoto wa mbwa huchanjwa kwa kawaida akitimiza miezi 3, na chanjo hurudiwa kwa muda anaoutaja daktari wa mifugo, mara nyingi kila mwaka. Wataalamu wamesema kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, na kuendelea hivyo kila mwaka, maradhi hukosa njia ya kupita. Kwa hiyo tajiri mwenye bigeli mmoja na maskini mwenye mbwa wa kienyeji watatu wamo katika kazi moja. Chanjo ya mmoja humlinda mtoto wa mwenziwe. Na mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kuchanjwa. Asipake pilipili, wala mafuta, wala majani, wala asingoje kuona kama mbwa atakufa. Ngoja-ngoja huumiza matumbo, wasema wahenga, na katika jambo hili huua.

Hapo ndipo mtu aweza kuona kwa nini tulisema mbwa aliyechukuliwa bila kufikiri huwatia taabuni watu wengi. Mtoto humtaka kwa uzuri wa masikio yake. Baada ya miezi 6 masikio ni yale yale, lakini mbwa hulia usiku, amechimba bustani, ameiba nyama ya wageni. Mwenye nyumba huchoka; asubuhi moja lango huachwa wazi, na hapana anayekwenda kumtafuta. Mnyama ambaye hajui kujitafutia huingia katika kundi la mbwa wasio na mwenyewe, hachanjwi tena, na kesho aweza kuwa ndiye anayemwuma mtoto anayekwenda shule. Hakuwa mbaya alipoletwa, wala hakubadilika. Alitenda tangu siku ya kwanza lile ambalo pua yake ilimwamuru, ila aliyemleta hakuuliza.

Twapenda pia kuwakumbusha wenye mbwa wa namna yoyote juu ya haki ya jirani. Wengi wa ndugu zetu Waislamu hushika kwamba mate ya mbwa ni najisi, na aguswaye nayo hana budi kujitakasa kabla ya kusali. Mbwa mwenye kuwarukia wageni kwa furaha, kama afanyavyo bigeli, azuiwe asiwarukie wapita njia, wala asiingie katika ua wa watu. Rafiki yako wewe si lazima awe rafiki wa kila mtu.

Je, nani basi amfuge? Amfuge mwenye ua, mwenye mtu wa kubaki nyumbani, mwenye nafasi ya kutembea kila siku, mwenye fedha ya chanjo na dawa, na aliye tayari kufanya hayo kwa miaka 12 au 15. Maana mtoto wa miaka 7 anayemwomba leo atakuwa mtu mzima mbwa huyo atakapokuwa mzee. Mtu huyo atapata mwenzi mchangamfu asiyeweka kinyongo, atakayempokea kila jioni kana kwamba alikuwa safarini mwaka mzima. Anayetaka mlinzi asimtafute bigeli; atabweka mwizi akija, kisha atamnusa mifuko na kufuatana naye. Na asiye na nafasi wala uwezo asione haya. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye kuizoea nchi na chakula chake, akichanjwa, akilishwa na kupewa kivuli, ni rafiki kamili, tena hulinda mji.

Basi, ndugu wasomaji, mtoto wako akikuletea picha ya mbwa mwenye masikio marefu, usimkatae upesi wala usimkubalie upesi. Ketini pamoja mhesabu: ua uko? Nani atamtembeza Jumatatu, na nani Jumanne? Nani atabaki naye? Fedha ya daktari itatoka wapi? Majibu yakipatikana yote, nendeni mkamchukue, na siku hiyo hiyo muulize tarehe ya chanjo yake. Lisipopatikana hata moja, mwache alipo, mkamwulize daktari wa mifugo siku ya kumchanja mbwa ambaye tayari yuko uani kwenu.